Elimu ya Viumbe na Ardhi Kavu ya Zombe

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, hufanyika katika nyumba nyingi za Zombe, kama katika nyumba nyingi za Kenya nzima, baraza fupi lenye uzito mkubwa, ambapo mzazi, mtoto, na pengine mjomba mwenye kazi mjini, huiinamia orodha ya masomo ya chuo kikuu na kuulizana ni lipi litakalomlisha mwenye kulisoma. Udaktari, uhandisi, sheria na ualimu hazihitaji wakili katika baraza hilo, kwa kuwa manufaa yake yanajulikana hata na asiyepata kuingia darasani. Lakini yatajwapo masomo ya ikolojia, mageuko ya viumbe na biolojia ya hifadhi, wazee hutazamana, kisha mmoja wao huuliza kama mtoto anataka kuwa askari wa wanyamapori. Na akijibiwa kuwa sivyo, huuliza tena, basi anataka kuwa nani? Swali hilo ni la haki, na makala haya yanakusudia kulichambua pande zote: elimu hii ni ipi, ina historia gani katika nchi zetu, hufundishwa wapi na kwa namna gani, inampa mwenye kuihitimu riziki ya aina gani, na ina kasoro zipi. Rai ya mwandishi, ambayo msomaji atakuwa na hiari ya kuikubali au kuikataa baada ya kusikia hoja zake, ni kwamba shahada hii ina thamani kubwa katika nchi kavu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba thamani hiyo imo katika kumfunza kijana kupima na kuthibitisha yale ambayo mahali alipozaliwa pamekwisha kumzoeza kuyaona.

Yafaa kwanza mahali penyewe pajulikane. Zombe ni mji mdogo wa soko katika Kitui Mashariki, jirani ya milima ya Mutito, katika nchi ambayo mvua zake huja mara mbili kwa mwaka na ambayo mkulima wake, tofauti na wenzake wa nyanda za juu, huziamini zaidi mvua za vuli kuliko za masika. Wenyeji hupanda mtama, mawele, kunde, mbaazi na ndengu, hufuga ng'ombe na mbuzi, na hutundika mizinga ya magogo mitini kungojea nyuki. Kusini mwake iko Hifadhi ya Kitui Kusini, inayopakana na Tsavo Mashariki, ambako ndovu hawajui mpaka wa hifadhi uliochorwa ramanini. Na chini ya ardhi yake, katika bonde la Mui, yamo makaa ya mawe, ambayo serikali iliyagawa katika vitalu vinne, kimoja kikiitwa kwa majina ya Zombe na Kabati. Kwa hiyo mambo yote ambayo wanazuoni wa ikolojia hubishania katika majarida yao, yaani uhaba wa maji, malisho na mipaka yake, miti na makaa, wanyama wakubwa na mashamba madogo, madini na haki ya vizazi vijavyo, yote yapo hapo, kwa umbali wa mwendo wa miguu.

Sasa tuitazame elimu yenyewe. Vyuo vya ng'ambo huziunganisha taaluma hizi tatu katika shahada moja, na kwetu huonekana chini ya majina mengine, kama vile usimamizi wa wanyamapori, sayansi ya mazingira, zuolojia, botania, au maliasili. Ikolojia huchunguza uhusiano wa viumbe wao kwa wao na mahali wanapoishi: nani amla nani, nani amkinga nani, na kwa nini wengine huongezeka na wengine hupungua. Elimu ya mageuko, ambayo Charles Darwin aliiwekea msingi kwa kitabu chake cha mwaka 1859, huchunguza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa waliozaliwa na sifa zinazofaa mahali pao huacha uzao mwingi kuliko wenzao. Biolojia ya hifadhi ndiyo kitinda mimba wa familia hii, iliyopata chama chake cha wanazuoni mwaka 1985. Nayo huuliza kwa nini viumbe hupotea, na lipi lifanywe wasipotee.

Mtu aweza kusema kwamba taaluma tatu ni nyingi mno kwa shahada moja ya miaka minne. Kisa cha Ziwa Victoria chatosha kumjibu. Katika ziwa hilo waliishi samaki wadogo waitwao furu, spishi zipatazo mia tano au zaidi, ambazo wanazuoni wanaamini kuwa zilichipuka hapo hapo katika muda wa miaka 15,000 hivi, tangu ziwa lilipokauka na kujaa upya. Hilo ni jambo la mageuko, na ni miongoni mwa maajabu yake makubwa duniani. Katika miaka ya 1950 akaingizwa ziwani sangara, ambaye upande wa Kenya huitwa mbuta, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kwa wingi usio kifani na kuwamaliza furu wa spishi nyingi, huku wavuvi na viwanda vya minofu wakitajirika kwa ajili yake. Hilo ni jambo la ikolojia na la iktisadi pamoja. Na swali la kumlinda furu aliyesalia bila kumnyima mvuvi mkate wake ni jambo la hifadhi. Mwenye kusoma moja tu kati ya taaluma hizo ataona robo ya kisa na kudhani amekiona chote.

Mageuko ndiyo sehemu inayotiliwa shaka kuliko nyingine, kwa sababu mbili: watu huidhani kuwa habari ya mifupa ya kale isiyo na faida, na wengine huiona kuwa inashindana na imani. Kuhusu faida, mifano iko karibu. Mahindi ya Katumani, yanayokomaa mapema kabla mvua fupi haijawatupa mkono wakulima, yalipatikana kwa uteuzi wa mbegu katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, katika miaka ya 1960. Na uteuzi huo ni kanuni ile ile ya Darwin, ila hapa aliyeteua ni binadamu. Kupe wanaozoea dawa ya kuogeshea mifugo, na vimelea vya malaria vilivyoishinda klorokwini hata Kenya ikaiacha kuwa dawa yake ya kwanza mwaka 1998, ni mageuko yatokeayo mbele ya macho yetu. Katika mbuga ya Gorongosa, Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wakati wa vita vya 1977 hadi 1992, ndovu walipouawa kwa ajili ya pembe, sehemu ya majike wasio na pembe ilipanda kutoka karibu moja kwa tano hadi karibu nusu, kwa kuwa aliyezaliwa bila pembe ndiye aliyeachwa hai. Wakamba, wenyeji wa Kitui, ambao katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe kutoka Kitui hadi Mombasa, wana sababu ya kukitafakari kisa hicho kuliko watu wengi.

Na mifupa ya kale nayo haikosi utukufu wake, wala Ukambani haukosi sehemu katika utukufu huo. Kamoya Kimeu, Mkamba ambaye hakupata masomo ya chuo, alianza kazi ya kuchimba visukuku chini ya familia ya Leakey, akawa mtafutaji hodari asiye na mfano katika Afrika Mashariki; ndiye aliyeona, mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, kipande cha mfupa kilichowaongoza wenzake kwenye kiunzi karibu kizima cha kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe amepewa jina lake, Kamoyapithecus, na mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, chuo kikuu cha Marekani cha Case Western Reserve kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Jicho lile lililotofautisha mfupa na kokoto kwenye changarawe ya rangi moja halikutoka darasani. Lakini tusisahau upande wa pili wa kisa hicho: waliouandika mfupa ule katika majarida, wakaupima, wakaupa umri na kuutangaza ulimwenguni, walikuwa wenye shahada. Kijana wa leo hana sababu ya kukubali mgawanyo huo wa kazi uendelee.

Kuhusu imani, itakumbukwa kwamba mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa nchini Kenya walipinga namna visukuku vya binadamu wa kale vilivyokusudiwa kuonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa, na mjadala huo haujaisha katika nyumba za ibada wala mabwenini. Mwandishi huyu hana fatwa ya kutoa. Atasema tu kwamba mtaala wa Kenya umelifundisha somo hili katika kidato cha nne kwa miaka mingi, na kwamba wapo wengi, Waislamu kwa Wakristo, wanaosali kwa ikhlasi na kufanya utafiti wa mageuko kwa ikhlasi hiyo hiyo. Mwanafunzi hatakiwi kuacha dini mlangoni mwa maabara. Anatakiwa kueleza ushahidi ulivyo, bila kuuongeza wala kuupunguza.

Ikolojia nayo ina historia ndefu katika nchi hii, na historia hiyo si safi, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuisoma. Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, Wakamba na Wawaata waliokuwa wakiwinda humo kwa mishale ya sumu walijikuta, kwa kalamu ya watu wasiowajua, wamegeuka majangili katika pori la babu zao. Baadaye ndovu waliongezeka humo mpaka wakaangusha miti na kuifanya nyika kuwa mbuga ya majani, na wataalamu wakagawanyika: Richard Laws, aliyeongoza utafiti wa Tsavo kuanzia mwaka 1967, alitaka baadhi ya ndovu wauawe ili idadi ilingane na malisho, na David Sheldrick, msimamizi wa hifadhi, alitaka maumbile yaachiwe hukumu yake. Sheldrick alishinda shauri. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja, na ndovu kwa maelfu wakafa kwa njaa. Hata leo wanazuoni hawajakubaliana nani alikuwa na haki, na mwanafunzi anayeufahamu mjadala huo vizuri amefahamu nusu ya ikolojia: kwamba idadi ya viumbe haikai mahali pamoja, kwamba mvua ina kauli kubwa kuliko kanuni nyingi za vitabuni, na kwamba kutotenda nako ni tendo.

Lakini somo zito kuliko hilo lilitokea kwa watu. Mwaka 1838 Darwin alisoma maandishi ya Thomas Malthus, aliyedai kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, na wazo hilo likamfungulia mlango wa nadharia yake. Karne moja baadaye, mwaka 1938, wazo lile lile, likiwa limevaa joho la elimu ya malisho, lilishuka Ukambani kwa nguvu: maafisa wa kikoloni walihesabu ng'ombe, wakahesabu ardhi, wakatoa hukumu kwamba mifugo imezidi uwezo wa nchi, na wakaanza kuinyakua na kuiuza kwa bei ya chini kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River. Hawakuuliza ni nani aliyezitwaa nchi za malisho zilizo bora, hata Wakamba wakasongamana katika zilizobaki. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba wenzake kwenda Nairobi kumwona gavana, wakaketi huko kwa majuma. Yeye mwenyewe alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuuacha unyakuzi wa lazima. Hesabu ya maafisa wale haikuwa ya uongo kabisa, kwani mmomonyoko ulikuwapo na makorongo yalionekana. Uongo ulikuwa katika yale ambayo hesabu iliyaacha nje.

Kisa kina mwendelezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza upya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, wakachapisha matokeo yao mwaka 1994: watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua, kwa sababu wakulima walikata matuta, wakapanda miti, wakapata masoko na wakaitunza ardhi iliyokuwa na thamani machoni pao. Wapo waliowajibu kwamba mishahara ya Nairobi ilisaidia, kwamba si kila nyumba ilifaidika sawa, na kwamba nchi iliyo kavu zaidi haiwezi kupimwa kwa kipimo cha Machakos. Majibu hayo yana nguvu, na hapo ndipo kijana wa Zombe anapopata kazi ya kufanya, kwani Zombe ni kavu zaidi na iko mbali zaidi, na swali kama nadharia ile inasimama au inaanguka katika Kitui Mashariki linangoja mtu wa kulipima.

Basi mwanafunzi hupimaje? Hapa ndipo wengi wanaoingia katika shahada hii kwa kupenda simba na twiga hupigwa na butwaa. Mwaka wa kwanza aghalabu ni kemia, hisabati, botania, zuolojia na misingi ya chembe hai. Wa pili huleta jenetiki, takwimu na kanuni za ikolojia. Wa tatu huleta uhifadhi, sheria, ramani za kompyuta na mazoezi ya kazini. Wa nne humtaka mwanafunzi afanye utafiti wake mwenyewe na kuuandika. Takwimu ndiyo mfupa wa mgongo wa yote hayo, na asiyeitaka takwimu aende zake mapema. Katika mazoezi ya nje, kifaa kikuu ni kitu cha kawaida kabisa: fremu ya mraba ya mbao au chuma, mita moja kila upande, iitwayo kwadrati, ambayo hulazwa chini mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu ili macho ya mtafiti yasiende kwenye majani yanayopendeza. Mwanafunzi hupiga magoti, huhesabu mashina ya kila aina ya majani yaliyomo, hukadiria udongo mtupu ni sehemu gani ya mraba, huandika, huinuka, husogea hatua alizopangiwa na kupiga magoti tena, mara thelathini, mara hamsini, ndani ya ua lisiloingiwa na mbuzi na nje yake. Jioni ana kurasa za namba, na katika namba hizo limo jibu la swali ambalo mwaka 1938 liliamuliwa kwa amri: je, ni mifugo iliyomaliza majani, au ni uhaba wa mvua?

Mfano mwingine wa kuonyesha elimu hii inavyofanya kazi ni mti wa mukau. Mti huu, ambao ni wa nyika za Afrika Mashariki na hutoa mbao nzuri zisizoliwa upesi na mchwa, huvumilia ukame na hukua haraka, lakini mbegu yake ni kaidi, kwa kuwa imefungwa ndani ya kokwa gumu, na ikizikwa ardhini kama ilivyo yaweza kukaa muda mrefu bila kuota. Njia iliyoenezwa ni ya subira: kokwa huwekwa juu ya gogo na kupasuliwa kwa kisu kizito bila kuiponda mbegu iliyomo, ncha ya mbegu hukatwa kidogo, hulowekwa usiku kucha, asubuhi ganda lake jembamba hupasuliwa kwa wembe kwa urefu, na ndipo hupandwa katika mchanga safi uliofunikwa plastiki kuhifadhi joto na unyevu. Kituo cha Kitui cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, kwa ushirikiano na Wajapani, kimeendeleza kazi ya kuchagua mikau bora kutoka nchi kavu na kuipanda katika mashamba ya mbegu huko Kitui na Kibwezi. Ndani ya mti mmoja zimo taaluma zote tatu: kwa nini mbegu ilijifunga hivyo ni swali la mageuko, mukau unaishije na mazao shambani ni swali la ikolojia, na kama miti iliyoteuliwa itabaki na urithi wa namna nyingi wa kutosha kukabili magonjwa ni swali la hifadhi.

Mahali pa kusomea hapakosekani. Tanzania ilitangulia kwa Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro ili Waafrika wachukue usimamizi wa wanyamapori wao, na leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine cha Morogoro hutoa shahada za fani hii. Makerere ina kituo chake cha utafiti katika msitu wa Kibale. Kenya ina vyuo vikuu vya Nairobi na Eldoret, Pwani kwa wapendao bahari, na Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 2013. Lakini kwa mtu wa Zombe kilicho karibu ni Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, SEKU, kilichoko Kwa Vonza, ambacho kilikuwa chuo kishiriki cha Nairobi mwaka 2008 kabla ya kupewa hati yake mwaka 2013, na ambacho kimezungukwa na nchi kavu ile ile inayohitaji kuchunguzwa. Alama ya C+ ndiyo kizingiti cha chini cha kuingia chuo kikuu, na biolojia, kemia na hisabati ndizo zinazotazamwa kwanza.

Tufike kwenye riziki, kwa kuwa baraza la nyumbani halitaridhika bila hiyo. Ukweli ni kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Huduma ya Misitu, mamlaka ya mazingira NEMA, Makumbusho na taasisi za utafiti haziwezi kuwaajiri wahitimu wote, na wengi hukaa miaka wakijitolea katika mashirika yasiyo ya serikali kabla ya kupata mshahara wa kudumu. Anayeahidiwa kazi ya haraka amedanganywa. Hata hivyo milango iko mingi kuliko inavyoonekana. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai kwamba miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na tathmini hiyo hufanywa na wataalamu waliosajiliwa. Bonde la Mui litakapojadiliwa tena, iko haja mezani pawe na mwana wa Zombe anayeweza kuisoma ripoti yenye kurasa mia tatu na kusema ukurasa upi una upungufu. Serikali za kaunti zina idara za mazingira na maji. Biashara ya kaboni, iliyoanza kuuza vyeti vyake huko Kasigau mwaka 2011, inahitaji watu wa kupima miti kwa uaminifu, na wengine wa kuilinda jamii isipunjwe. Uzio wa mizinga ya nyuki, ambao mtafiti Lucy King aliujaribu huko Sagalla katika Taita Taveta baada ya kuthibitishwa kwamba ndovu huwaogopa nyuki, ulitokana na utafiti wa shahada. Na Kitui, nchi ya asali tangu zamani, ingeweza kuwa na wahitimu wanaouza asali, wanaolinda mashamba na kuandika matokeo kwa pamoja.

Kasoro za shahada hii nazo zisemwe waziwazi. Ya kwanza, vitabu vyake vingi viliandikwa kwa misitu ya nchi za baridi, na mwanafunzi huweza kuhitimu akijua mbwamwitu wa Marekani kuliko kupe wa mbuzi wa mama yake. Ya pili, safari za nje hugharimu, na chuo kinapokosa mafuta ya basi, ikolojia hugeuka kuwa somo la ubao na chaki. Ya tatu, kwa muda mrefu hifadhi ilifikiriwa kuwa ni mambo ya mbuga na watalii, ilhali sehemu kubwa ya viumbe wa Kenya huishi nje ya hifadhi, kwenye mashamba na malisho ya watu. Ya nne, na mbaya kuliko zote, maarifa ya wenyeji huchukuliwa kama mapambo ya utangulizi. Mzee wa Mutito anayejua jina la Kikamba la kila mti, na ni upi huchanua kabla ya mvua, na ni upi nyuki huupenda, hupewa shukrani katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu, kisha hasikiki tena. Maarifa yake yanastahili kupimwa kwa heshima ile ile inayopimiwa nadharia ya profesa, yaani yaulizwe, yajaribiwe, yakubaliwe yakisimama na yakataliwe yakianguka.

Serikali nazo hujifunza kwa gharama kubwa zinapoamua bila vipimo. Januari 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga, na sababu zake zilikuwa za kweli, maana vilima vilikuwa vikinyolewa na mito ikikombwa mchanga wake. Lakini amri peke yake haikujibu maswali ambayo mtu wa ikolojia huanza nayo: mti gani hukatwa zaidi, huchipuka baada ya miaka mingapi, nyumba ngapi zina riziki nyingine wakati wa ukame, na soko la mjini litageukia msitu upi? Kwa upande mwingine, mabwawa ya mchanga ambayo shirika la SASOL limeyajenga kwa mamia katika Kitui yanaonyesha elimu na desturi zikishikana mikono: ukuta wa zege hukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na katikati ya chembe zake hubaki maji, theluthi moja hivi ya ujazo wote, yasiyonyweka na jua, ambayo akina mama huyafikia kwa kuchimba kidogo kama walivyofanya bibi zao. Kujua ni mto upi una mchanga unaofaa, na ni nini hutokea kwa miti ya kingo na visima vya jirani baada ya ukuta kujengwa, ni kazi ya mhitimu.

Zipo sauti zinazosema kwamba nchi maskini haina nafasi ya elimu ya namna hii, na kwamba tule kwanza ndipo tuhesabu ndege. Hoja hiyo ingekuwa na uzito katika nchi ambayo chakula chake hutoka kiwandani. Katika Zombe chakula hutoka kwenye udongo, mvua, mbegu, nyuki na mifugo, na elimu inayochunguza hivyo vitano ni elimu ya chakula chenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila Mkenya haki ya mazingira safi na kuiagiza dola ifikishe eneo lenye miti walau asilimia 10 ya ardhi. Haki hiyo itabaki wino mtupu pasipo watu wa kupima kama inatekelezwa, na watu hao hawawezi wote kutoka Nairobi na Ulaya.

Hukumu ya mwandishi, basi, ni kwamba kijana wa Zombe mwenye alama za kutosha, asiyeogopa hesabu, na mwenye subira ya kupiga magoti mara hamsini juani, asome shahada hii bila kuona haya. Na asiye na sifa hizo asiifuate kwa sababu ya picha za simba. Kabla ya kujaza fomu ya kuomba nafasi, yeye na mzazi wake wakiulize chuo mambo matatu: wanafunzi hulala nje kwa utafiti siku ngapi kwa mwaka, takwimu hufundishwa mihula mingapi, na waliohitimu miaka mitano iliyopita wako wapi leo. Chuo kisichoweza kuyajibu kipitwe. Nasi tulio nje ya vyuo, wazee, viongozi wa kaunti na wenye mashamba, tuna wajibu wetu: tuwafungulie wanafunzi hao malango ya mashamba na milima yetu, tuwajibu wanapouliza, na wakisha kuandika tuwadai waturudishie matokeo, kwa lugha tunayoisoma.